Foleni ya Bonde la Nuru

Pyo Gil-su alipiga magoti nyuma ya duka lake la dobi, katikati ya makoti ya watu, akamwomba Mungu jambo ambalo mtu mzima hapaswi kuliomba kwa sauti. Aliomba siku ya kufunguliwa kwa mchezo mpya wa mtandaoni iangukie siku ambayo duka limefungwa.

Hakuona aibu sana. Alikuwa amefundishwa kanisani kwamba hakuna haja iliyo ndogo mbele za Bwana, naye alilichukua neno hilo kama lilivyo. Aliomba kwa adabu. Alilitaja jina la mchezo, Bonde la Nuru, ili pasiwe na makosa. Alieleza kwamba ni Novemba, kwamba mji mzima wa Bucheon umetoa makoti kabatini kwa mkupuo mmoja, kwamba Jumapili ni ya ibada na hathubutu kuigusa, na kwamba wenye mchezo wameshatangaza kuufungua Jumanne saa sita mchana. "Kama ungeona njia, Bwana," alimalizia, "duka lifungwe Jumanne. Njia yoyote."

Mkewe, Bang Mi-hwa, alikuwa upande wa pili wa pazia akinyoosha suruali kwa pasi ya mvuke. Alisikia kila kitu. Alingoja amina, kisha akauliza kama ameliombea pia bomba la mvuke linalovuja, maana nalo lilikuwa na haja.

Aliyecheka zaidi ni mama yake Mi-hwa, Bi Yeom Sun-rye, mpaka vifungo vikammwagika mapajani. Alikuwa akikaa nao tangu magoti yalipomkatalia ngazi za kwake, na kazi aliyojipa ilikuwa kushona vifungo vya wateja. Jioni, duka likifungwa, alisogeza kiti chake karibu na kompyuta ya mkwewe, akamenya vitunguu saumu huku akitazama vita. Katika ukoo mzima, ni yeye tu aliyemuuliza Gil-su habari za mchezo bila kubinua midomo.

"Mkwe Pyo," angesema, "leo tumeshambuliwa?"

Gil-su angejibu kwamba ndiyo, mama, tumeshambuliwa na tumepigwa vibaya. Ulikuwa mchezo wa zamani huo, ambamo mwenye pesa hununua upanga leo na kesho akawa jitu. Gil-su aliongoza humo Kikosi cha Mwezi Mwekundu, watu ishirini na kitu ambao wengi wao hakuwahi kuwaona sura. Walimwita Bwana wetu kwa heshima zote, na karibu kila wiki Bwana wao aliuawa hadharani na kijana fulani aliyevaa deraya ya kununua. Kila alipouawa alisema maneno yale yale: ungekuwa mchezo wa haki, mngeniona. Alikuwa ameyasema kwa miaka mingi kiasi kwamba nyumba iliyazoea kama mlio wa jokofu.

Na sasa mchezo wa haki ulikuwa unakuja. Nguvu haiuzwi, tangazo lilisema. Kuingia ni bure, hakuna silaha ya kununua, kila mtu anaanza na fimbo moja na kiatu kimoja kibovu, na atakachokuwa nacho baadaye ni kile alichokihangaikia. Gil-su alimsomea mkewe tangazo hilo lote, mpaka herufi ndogo za chini.

Mi-hwa aligeuza suruali upande wa pili. "Na ukishindwa kwenye huu wa haki, Baba Daon, utamsingizia nani?"

Gil-su alisema bomba la mvuke kweli linavuja, akaenda kulitazama. Swali hilo alikuwa ameshajiuliza mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, na kila mara alipata kazi ya kufanya mahali pengine.

*

Jumatatu asubuhi Bi Yeom hakuamka. Mi-hwa alimpelekea uji akamkuta amelala chali, mikono juu ya blanketi, uso umetulia kama wa mtu aliyesikia kichekesho akaamua kukicheka baadaye.

Yalifuata yale yanayofuata: simu kwa mchungaji, simu kwa kaka mkubwa, gari la hospitali, binti yao Daon kupanda treni kutoka Daejeon huku akilia. Gil-su alipewa kazi ya kufunga duka. Alichukua karatasi akaandika kwa kalamu nene kwamba duka limefungwa kwa msiba, Jumatatu hadi Jumatano, wateja watuwie radhi. Akaibandika mlangoni. Akarudi nyuma hatua chache kuona kama imekaa sawa. Hapo ndipo alipoona kwamba kati ya Jumatatu na Jumatano kuna Jumanne.

Alisimama pale kwenye baridi, gundi bado vidoleni. "Bwana," alisema, "sikumaanisha hivi." Mwenye duka la kuku wa kukaanga upande wa pili alidhani anamsalimu, akampungia mkono.

Alijua kwa akili kwamba Mungu haui bibi mwema kwa ajili ya mchezo wa simu. Lakini moyo una hesabu zake, na wa Gil-su ulikuwa umekumbuka yale maneno mawili ya mwisho, njia yoyote, ukaanza kuyarudia.

Ndani ya teksi Mi-hwa alimshika mkono. Alikuwa mwanamke wa kusema maneno mengi, siku ile alisema machache. Alisema kaka yake atakuwa na watu wake wa kampuni, wakubwa na wake zao, na watatazama. Alisema hamwombi mengi.

"Kitu kimoja tu. Siku hizi tatu hiyo simu ikae mfukoni. Usiingie huko. Mama anaondoka mara moja tu."

"Siingii," Gil-su alisema.

"Niahidi."

"Nimeahidi, Mama Daon."

Aliahidi kwa moyo wote. Bahati mbaya, mwezi uliopita alikuwa amewaahidi Mwezi Mwekundu kwa moyo ule ule. Katika Bonde la Nuru kikosi huanzishwa na yule tu aliyeandikisha jina lake mapema, na aliyeandikisha ni yeye. Asipoingia, wenzake wangerandaranda nje ya malango kama watoto waliosahauliwa shuleni, huku vikosi vingine vikichagua viwanja vizuri vya kujengea ngome. Zamani mtu aliyechelewa aliweza kulipa akawafikia wenzake. Katika mchezo wa haki kitu pekee cha kulipia ni muda, na muda ndio aliokuwa ameutoa ndani ya teksi.

*

Chumba cha maombolezo kilikuwa chini ya hospitali, na kaka mkubwa wa Mi-hwa, Bang Jong-ho, alikuwa ameshakitawala. Jong-ho alikuwa mkuu wa idara katika kampuni kubwa, mtu ambaye hata kikohozi chake kilisikika kama agizo. Alivaa kanda ya mkononi ya mfiwa mkuu, akasimama karibu na picha ya mama, akapokea watu. Mashada ya maua marefu kuliko mtu yalikuwa yakiingia mfululizo, kila moja na utepe wenye jina la mkurugenzi fulani, mpaka yakajaza ukumbi hadi kwenye lifti.

Gil-su naye alipewa kanda ya mkononi, na Jong-ho akamtafutia kazi. Alimwambia kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake heshima, kwamba wageni wakivua viatu kuingia kula, viatu huparaganyika, na ni vizuri pawe na mtu wa nyumbani wa kuvipanga. Basi Bwana wa Mwezi Mwekundu akapiga magoti mlangoni akapanga viatu. Alivipanga vizuri, ncha zikitazama nje, vya ngozi mbele, vya michezo nyuma. Alijiambia kwamba hata katika Bonde la Nuru angeanza na kiatu kimoja kibovu, na hapa kwa kweli alikuwa na mtaji mkubwa zaidi.

Jumatatu jioni mfanyakazi wa hospitali aliingia amebeba shada moja la mwisho, akasimama kati ya wakurugenzi akasoma utepe kwa sauti. "Kwa majonzi makuu. Askari wa Kikosi cha Mwezi Mwekundu, kwa Bwana wao Upepo wa Chuma." Akatazama huku na huku. "Upepo wa Chuma ni nani hapa?"

Gil-su aliinua mkono, kiatu cha mtu kikiwa bado katika mkono huo.

Jong-ho alimsogelea. Aliuliza, sauti chini, kama ni kampuni. Gil-su alisema ni kikundi. Jong-ho aliuliza kama ni kikundi cha kanisa. Gil-su alisema si cha kanisa sana. Wazee wa kanisa waliokuwa karibu walitazama mchuzi wao. Mwishowe shada lilipelekwa mwisho kabisa wa ukumbi, mlangoni mwa choo cha wanaume, likasimama hapo kama mlinzi.

Bibi mmoja wa kituo cha wazee, rafiki wa marehemu, alimvuta Gil-su suruali alipopita. "Wewe ndiye yule mkwe mwenye ngome?" Alisema Sun-rye aliwasimulia habari za ngome hiyo kila alipokuja kucheza karata, nani kashambulia, nani kakimbia. Walikuwa wakidhani anatia chumvi. "Na tuliambiwa utahamia nyingine nzuri zaidi. Umeshahamia?"

"Bado, mama," Gil-su alisema, akarudi kwenye viatu.

*

Jumanne, kabla ya saa sita, familia iliitwa ijiandae kwa ibada ya kumtia mama katika jeneza. Ilikuwa bado kitambo kidogo. Gil-su alisema anakwenda msalani.

Simwonei huruma hapa, wala yeye mwenyewe hakujionea. Alipita mbele ya shada lake, akajifungia choo cha mwisho, akaketi juu ya kifuniko, akatoa simu. Alikuwa na maelezo tayari, na yote yalikuwa mazuri. Haingii kwa ajili yake. Anaingia kwa ajili ya watu ishirini na kitu wanaomtegemea. Atafungua kikosi, ataandika jina, atatoka, haitachukua muda mrefu kuliko haja ya kawaida ya mtu. Tena Mi-hwa alisema usiingie, na kufungua mlango kwa ajili ya wengine si kuingia hasa. Alishangaa jinsi akili yake ilivyokuwa kali akiwa chooni.

Saa sita ilipotimia alibonyeza. Milima ikatokea, na mto wa dhahabu, kisha maandishi: kuna watu wengi mbele yako, tafadhali subiri. Chini yake palikuwa na namba ya foleni, nayo ilikuwa namba kubwa ya aina ambayo Gil-su alizoea kuiona kwenye habari za uchaguzi.

Daon aligonga mlango wa nje. "Baba, tunaitwa."

Angeweza kuizima. Alifikiria foleni ile, akafikiria kurudi mwisho wake, akaona kwamba foleni inayojisogeza yenyewe haimsumbui mtu. Alinyamazisha mlio wa simu, akaitia katika mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo cha mfuko. Kifungo hicho alikishona Bi Yeom mwenyewe majira ya kuchipua, baada ya Gil-su kuangusha simu mara mbili kwenye beseni la dobi. Alikizungushia uzi mpaka kikawa kama kimepigwa msumari.

Chumba kilikuwa kidogo na cha baridi. Bi Yeom alilala katika nguo ya katani ya rangi ya majani makavu, uso wazi, akionekana mdogo kuliko alivyokuwa kwenye kiti chake. Walimzunguka. Mi-hwa aliweka kiganja kwenye shavu la mama yake, akakiacha hapo. Gil-su alipoitazama mikono ile, iliyozoea sindano, alisahau foleni, akasahau kikosi, akasahau hata kwamba anatazamwa. Mchungaji alianza kuomba. Alikuwa mzee mwenye sauti nyembamba, akashukuru kwa maisha ya mtumishi huyu, akaomba afarijiwe kila aliyebaki.

Hapo tarumbeta zikalia kifuani mwa Gil-su.

Alikuwa amenyamazisha mlio wa simu. Mchezo ulikuwa na sauti yake, na hiyo hakuikumbuka. Tarumbeta zilipokoma ikaja sauti nzito ya mwanamume, ikijaza chumba mpaka kwenye vigae. "Amka, shujaa. Usingizi wako wa miaka elfu umekwisha."

Gil-su alirukia mfuko. Kifungo kikakataa. Alikivuta, alikipinda, alikitia meno, na kazi ya yule aliyelala mbele yake ilibaki imara kama alivyoikusudia. "Chukua fimbo yako," sauti iliendelea bila haraka, "safari ni ndefu." Mwishowe alivua koti zima, akalikunjakunja, akalikalia sakafuni. Sauti ikaendelea kwa chini, kama ya mtu aliyezikwa na godoro, ikieleza namna ya kutembea.

Mchungaji alikuwa amenyamaza, amefumba macho. Alisubiri mpaka shujaa alipofundishwa kugeuka kulia na kushoto, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Mabega ya Daon yalikuwa yakitetemeka, na mpaka leo hajasema alikuwa akilia au la. Jong-ho alitazama ukuta. Mi-hwa hakuondoa kiganja chake shavuni mwa mama, wala hakugeuka.

*

Jong-ho alimngojea ukumbini. Hakupaza sauti. Aliuliza shemeji ana umri gani mwaka huu. Kisha akasema kwamba kesho, katika kubeba jeneza, amemwomba kijana mmoja wa idarani kwake ashike nafasi ya Gil-su. "Si adhabu," alisema. "Nataka tu mama afike bila muziki."

Mi-hwa alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi za dharura. Gil-su alikaa ngazi moja chini yake. Alitafuta yale maelezo ya chooni, akayakuta yote yamekwisha kuharibika, kama maziwa.

"Nilikuomba kitu kimoja," Mi-hwa alisema.

"Najua."

"Angalau uliingia?"

"Hapana. Ilijizima nikiwa bado nimeikalia, kabla sijaandika jina la kikosi."

Mi-hwa alifikiri kidogo. "Kwa hiyo umepoteza vyote viwili."

Gil-su alitikisa kichwa kukubali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya michezo hakuona mtu wa kumsingizia.

Jioni alikuja mwanamume mnene mwenye fulana ya kazi ya madereva wa malori, amebeba kofia kwa mikono miwili. Aliinama mara mbili mbele ya picha kwa desturi ya wasio wa kanisa, mpaka paji likagusa sakafu, kisha akamgeukia Gil-su akainama tena. "Bwana wetu," alisema mbele ya wakurugenzi wote, "mimi ni Karoti."

Karoti alikuwa makamu wake kwa miaka mingi, na Gil-su alikuwa akimdhania kijana mwembamba. Walikaa kula mchuzi mwekundu wa nyama. Gil-su aliinamisha kichwa akaomba radhi kwa kutofungua kikosi. Karoti alimtazama kwa mshangao. Alisema hakuna hata mmoja aliyejaribu kuingia. Walipopata habari za msiba walikubaliana wote wakae nje mpaka Bwana amalize kuzika. Walidhani na yeye atakuwa amezima simu yake. "Mtu hawezi kuwa kwenye foleni ya mchezo na mama yuko kwenye jeneza," Karoti alisema, akachovya wali. "Sisi tuna ujinga wetu, lakini si huo."

Gil-su alisema kweli kabisa. Akainuka, akaenda kupanga viatu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

*

Jumatano walimzika katika makaburi ya kanisa, mlimani kule Paju. Kijana wa idarani alishika jeneza kwa uangalifu mkubwa, na Gil-su alitembea nyuma na bibi wa kituo cha wazee, akimshika kiwiko kwenye mteremko. Hata hapo palikuwa na jambo. Jong-ho alikuwa ametaka mama alale juu zaidi, chini ya misonobari, penye mandhari. Mzee wa kanisa anayesimamia mlima alimweleza kwamba huko hawachagui. Anayekuja anafuata aliyetangulia, safu ikijaa inaanza nyingine. Jong-ho aliuliza kama kuna namna. Alisema yuko tayari kuchangia. Mzee alisema mchango unakaribishwa sana, na kaburi ni lile pale.

Wakiwa njiani kurudi, simu ya Daon ilileta habari, akaisoma kwa sauti kabla hajafikiri. Bonde la Nuru lilikuwa limeelemewa na watu likaanguka. Wengine waliingia, wengine hawakuingia, na kwa kuwa waliahidi haki, wenye mchezo wameamua kufuta kila kitu kilichofanyika tangu Jumanne. Hata majina ya vikosi yataandikwa upya. Ijumaa saa sita mchana wote wataanza tena pamoja, kutoka mwanzo.

"Kwa hiyo," Mi-hwa alisema polepole, akitazama nje, "hata ungeingia, ungefutwa."

"Ningefutwa."

"Ungeweza tu kusimama pale na kumwombea mama."

"Ningeweza."

Gil-su alikuwa amekumbuka jambo lingine. Ijumaa ni siku ya familia kurudi kaburini kwa mara ya kwanza, na Jong-ho alikuwa ameshapanga waende adhuhuri. Alitazama juu, kwenye paa la gari. Aliona kwamba Bwana hakuwa amekasirika. Alikuwa amemrudishia mtihani ule ule, kama mwalimu wa shule ya jioni anayejua mwanafunzi wake amechoka.

*

Ijumaa, kabla ya kuondoka, Gil-su alichukua simu akaitia ndani ya kopo la vifungo la Bi Yeom, akafunika, akaliweka kopo kwenye rafu ya juu. Hakumwambia mtu. Alijua akimwambia Mi-hwa itakuwa tena ni kujisifu.

Mlimani palikuwa na upepo na jua la bure lisilopasha kitu. Udongo wa kaburi ulikuwa bado haujatulia. Waliweka maua, wakaimba, kisha Jong-ho akafungua mdomo aombe kama kawaida yake, na Mi-hwa akasema, "Leo aombe Baba Daon."

Gil-su alishtuka. Maombi yake yote ya mwezi huo yalikuwa yamehusu kitu kimoja, akajikuta hana mengine karibu. Alisimama mpaka watu wakaanza kubadili miguu. "Bwana," alisema, "kila jioni alikuwa akiniuliza. Asante. Na nisamehe kwa Jumanne, yeye ameshanisamehe, namjua. Amina."

Walitandika mkeka wakakaa kula wali wa kuviringishwa kwa mwani ambao mke wa Jong-ho alileta. Gil-su hakutazama saa. Alikuwa akijitahidi sana kutotazama, shingo imekakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya, na kila mtu aliona.

Mi-hwa alitia mkono kwenye mkoba wake, akatoa simu, akaiweka kwenye mkeka kati yao.

"Umeisahau," alisema.

"Sikuisahau."

"Najua hukuisahau. Kopo lilikuwa linalia, nikadhani mama. Alikuwa Karoti. Anauliza kama Bwana wake ataweza leo au wangoje tena." Alimenya yai bila kumtazama. "Nimemwambia tunakwenda kwa mama. Akasema basi watangoja, hakuna neno. Watu wazima ishirini, Baba Daon, wamekaa wanakungoja wewe."

"Niliahidi."

"Zile siku tatu zimekwisha." Alikula nusu ya yai, nusu akampa. "Na mama angekuwa ameshauliza mara kumi kama mlango umefunguliwa. Fungua. Lakini hapa hapa, mbele yake. Sitaki mambo ya chooni."

Gil-su alifuta vidole kwenye suruali, akapunguza sauti, akahakikisha amepunguza, akampa Daon naye ahakikishe. Akabonyeza. Milima, mto wa dhahabu, maandishi yale yale: kuna watu wengi mbele yako, tafadhali subiri. Namba ikaanza kushuka taratibu. Mi-hwa na Daon wakasogea. Kisha, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kukaa karibu na watu watatu wanaotazama kitu kimoja asitazame, Jong-ho naye akasogea, mikono nyuma.

"Wote hawa wako mbele yetu?" aliuliza.

"Wote, kaka."

"Na huyu wa mbele kabisa ni nani?"

"Mtu tu. Aliwahi."

Jong-ho aliitazama namba ikishuka moja, ikasimama, ikashuka nyingine. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa amekaa kwenye foleni kwa miaka mingi. "Hakuna mahali pa kulipia ukapita?"

"Hapana, kaka. Hakuna."

Jong-ho aliinua macho. Alitazama safu za makaburi zilizoteremka mlima, moja baada ya nyingine, na lile la mama yake mwishoni, na kando yake kipande kitupu cha ardhi kilichokwisha kupigwa kamba kwa ajili ya atakayefuata. Alitazama misonobari kule juu. Kisha akavua viatu vyake vya ngozi, akakaa mkekani, akaomba apewe kipande cha wali. Gil-su, kwa mazoea ya wiki ile, alivichukua vile viatu akavigeuza ncha nje.

Upepo ulipita, mawimbi ya simu yakayumba, na skrini ikawa nyeusi. Ilipowaka tena namba ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Imekuwaje?" Mi-hwa aliuliza.

"Tumerudishwa mwisho."

Mi-hwa alianza kucheka. Alicheka kama mama yake, kwa mwili wote, mpaka maganda ya yai yakammwagika mapajani, akacheka mpaka akalia, akalia kidogo hivi, kisha akajifuta kwa kitambaa cha wali.

"Basi tukae," alisema.